Kimya Chini ya Ngazi

Tairi la gari likikatwa juani hutoa harufu ambayo ninyi wa rika langu mnaijua, maana sote tumevaa viatu vya matairi. Juzi nilikuwa Mapinga kwa fundi viatu, nimekaa kwenye kigoda nangoja anishonee kandambili yangu, naye akachukua kisu akachana tairi kuukuu la lori. Harufu ikanipanda puani mpaka macho yakajaa machozi. Yule kijana akaniuliza, "Bibi, vipi, unaumwa?" Nikamwambia ni jua tu. Ningemwambia nini? Nimeeleza sana katika maisha yangu, nimeeleza maofisini na kwenye semina na kwenye mikutano ya wazazi, na nawaambieni kweli, kueleza kunachosha kuliko kulima. Lakini ninyi si yeye. Ninyi mnayajua majengo ninayotaka kuyasema, na watu wake.

Mama yangu alitembea kwa mikono. Homa ilimshika akiwa mtoto anayejifunza kusimama, na ilipomwacha haikumwachia miguu. Alikaa juu ya kipande cha turubai alichojifunga kiunoni, akajisukuma kwa viganja, na viganjani alivaa vipande vya tairi vilivyotobolewa matundu na kupitishwa kamba. Kwa hiyo mama alinuka tairi, na sabuni ya kipande, na mafuta ya cherehani. Kwangu mimi hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya mama, nikadhani mama wote wananuka hivyo. Nilidhani pia kwamba mama ni mtu wa kimo changu. Tulikuwa tunatazamana uso kwa uso, sikuwahi kuinua shingo kuzungumza naye. Nilipokwenda kwa wenzangu nikaona mama zao wako huko juu karibu na dari, niliwaonea huruma. Nilijiuliza wanawasikiaje.

Watu walimwita Mwanakheri Kiwete. Siku zile neno hilo halikuwa tusi, au ndivyo walivyosema wasioitwa hivyo. Mama Rukia, kwa jina langu, walimwita wachache, na wengi wao walikuwa wateja wenye haja ya kupunguziwa bei.

Tulikaa katika nyumba ya babu, baba yake mama, katika mji mkongwe wa Bagamoyo. Nyumba za kule mnazijua. Mlango wa mbele uko juu, una vidato vya mawe, na kizingiti ambacho hata mwenye miguu yake mizima hujikwaa. Babu alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja, kabla mimi sijazaliwa, alichukua nyundo na patasi akakivunja kizingiti, akabeba mawe na chokaa akajaza mbele ya mlango mpaka vidato vikafunikwa na kuwa mteremko. Majirani walimcheka. Walisema mzee ameiondolea nyumba heshima yake, sasa hata mbuzi wataingia. Na kweli mbuzi waliingia. Lakini mama naye alitoka.

Chumba cha mbele kikawa chake. Aliweka cherehani cha mkono mlangoni, juu ya kimeza kifupi, akashona kanzu za watoto wa chuoni na sare za shule. Cherehani kile alikileta baba yangu, fundi mmoja wa Pangani aliyemwoa mama akijua anaoa nini, akakaa miaka michache, kisha akaona hawezi. Talaka ilikuja na mtu wa basi. Baba aliondoka, cherehani kikabaki, na mimi nikabaki. Mama alikuwa akisema kwamba kati ya vile vitatu yeye alipata viwili vizuri. Akisema hivyo alicheka, na ukimtazama vizuri ulijua kwamba kicheko kile kinamgharimu.

Pale mlangoni ndipo ilipokuwa dunia yake. Kila aliyepita alimsalimia, akasimama, akaacha habari moja na kuchukua nyingine. Mchana mambo yakipoa aliteremka ule mteremko, akavuka njia iliyoshikamana kwa kukanyagwa, akaenda kwa jirani yake kunywa kahawa. Alikwenda mwenyewe. Hakumwomba mtu.

Kisha babu akafa, na kaka yake mama, Mjomba Athumani, akawa mkubwa wa nyumba.

Sitaki kumfanya Mjomba shetani. Alikuwa mtu wa kawaida aliyepata mpangaji mzuri, mfanyabiashara aliyetaka chumba cha mbele kwa duka la kanga. Akaja jioni, akaketi, akamvisha mama kilemba cha ukoka kwa muda mrefu, kisha akatoa lililomleta.

"Dada yangu, hapa mjini unapata taabu," alisema. "Vumbi, kelele, mbuzi. Nitakujengea nyumba kule shambani Kerege. Utakaa kwenye hewa safi, utafuga kuku wako. Utapumzika."

"Nani kakwambia nimechoka?" mama alimuuliza.

"Mimi nakuonea huruma tu."

"Kaka, Kerege ni mchanga."

Mjomba hakuelewa. Mtu mwenye miguu hawezi kuelewa neno hilo mara moja. Mama alikuwa amekwenda Kerege kwenye msiba fulani, na mchanga wa kule, ule mweupe laini, ulimeza mikono yake mpaka kwenye vifundo. Alijisukuma, hakwenda. Siku zote za matanga alikaa ndani, na akitaka kwenda chooni alingoja mtu ambebe. Alinisimulia baadaye kwamba aliacha kunywa maji ili asiwe na haja ya kumwita mtu. Kerege maana yake ilikuwa hiyo: kuomba maji na kuogopa kuyanywa.

Hakutaka nyumba nzima. Alilijua fungu lake la binti katika mirathi ya baba yake, na alitaka fungu hilo liwe kile chumba cha mbele chenye mteremko. Basi. Mjomba akasema wanawake hawagawiwi mlango wa mbele, na mama akasema twende mbele ya watu watuamue.

Nawaambia mapema kwamba tulishindwa. Nina umri wa kutopenda kuwangojesha watu. Nimekulia Kerege, nimemwona mama akiwa mtu wa ndani miaka yote iliyobakia, na ule mteremko mpangaji aliubomoa akarudisha vidato kwa sababu maji ya mvua yalikuwa yakiingia kwenye vitambaa vyake. Ninachotaka kuwasimulia ni namna tulivyoshindwa, maana siku ile mimi nilidhani tunafanyiwa sherehe.

Palikuwa na baraza la wazee lililosuluhisha mambo ya namna ile, mirathi na ugomvi wa mke na mume, kabla watu hawajapelekana mahakamani. Lilikaa ghorofani katika jengo la zamani ambalo sitalitaja. Ngazi zake zilikuwa za mawe, nyembamba, zimesimama wima, zimelika katikati kwa miaka ya kukanyagwa. Chini palikuwa na uwanja wenye mti wa mkungu, watu wakingojea zamu zao, na chumba kimoja kikubwa kilichofungwa kufuli. Humo waliweka saruji na majembe.

Mara ya kwanza tulipofika, katibu wa baraza alishuka kutuona. Alikuwa kijana nadhifu, kalamu mfukoni, mwenye adabu sana. Mama akamwomba wazee washuke wamsikilize pale chini.

"Dada, baraza haliwezi kukaa uwanjani," alisema. "Huu si mnada."

"Si kuna chumba hapa."

"Kina saruji."

"Saruji haizungumzi. Nitakaa nayo."

Katibu alicheka kwa adabu, akapanda kuuliza, akarudi na jibu kwamba tuje wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa vilevile. Tulipigwa danadana, nenda rudi, mpaka watu wa uwanjani wakatuzoea wakawa wanatuwekea kivuli. Safari moja katibu aliwaita wachukuzi wawili, mabega yao mekundu kwa vumbi la magunia, akamwambia mama, "Hawa watakupandisha sasa hivi."

Mama aliwatazama. Alikuwa amevaa buibui lake la kutokea, amejipaka wanja. "Nashukuru," alisema. "Lakini nikifika huko juu nimebebwa kama gunia la mkaa, buibui limepanda mpaka mapajani, nitamwambia nani habari ya haki yangu? Nani atanisikia?"

Wachukuzi wakaona haya, wakaenda zao. Minong'ono ikapita chini ya mti: Mwanakheri ana maringo, anadengua, kilema na bado anachagua. Redio ya mtu mmoja pale ilikuwa ikisema binadamu wote ni sawa. Siku hizo ilisema hivyo kila siku, na tulipenda kuisikia.

Mimi nami nilidhani mama anadengua, na nilipenda. Maana siku chache nyuma nilikuwa kwenye arusi ya binti wa jirani, na nilikuwa nimejibanza ndani kwa wanawake wakati wa kuulizwa idhini. Mnakumbuka mambo yale yalivyokuwa. Bwana arusi na wanaume wako nje huko, na bibi arusi haendi popote. Wao ndio wanaokuja. Mfungisha ndoa akafika mlangoni, akasimama nyuma ya pazia, akauliza: fulani binti fulani, umeniidhinisha nikuozeshe? Binti kimya, kichwa chini, amejifunika gubigubi. Akaulizwa tena. Kimya. Akaulizwa ya tatu, kimya, na hapo vigelegele vikapasua paa, kwa sababu mwari akinyamaza amekubali, haya ndiyo yanayomzuia kusema. Nilitoka pale nikiwa na hakika kwamba mwanamke mwenye heshima kuliko wote ni yule ambaye hapandi wala hashuki, ila huletewa maneno mahali alipoketi.

Basi siku ya mwisho tukafika. Mjomba alikwisha panda. Katibu akashuka, lakini safari hii hakufika chini. Alisimama katikati ya ngazi, mkono mmoja ukutani, akasema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima.

"Mwanakheri binti Shomari. Baraza linakuuliza. Umekubali kaka yako aisimamie nyumba ya marehemu baba yenu, akupeleke shamba, akutunze?"

Watu wa uwanjani wakageuka kumtazama. Hata redio ilipunguzwa. Mama aliinamisha kichwa, akavuta ukingo wa buibui ukamfunika nusu ya uso. Baadaye aliniambia kilichomfunga mdomo: angemkanaje kaka yake, mtoto wa mama yake, kwa kupiga kelele mbele ya wauza njugu? Maneno ya ndani husemwa ndani. Alikuwa na maneno mengi, amekesha akiyapanga. Alikuwa akingoja wazee, wasipotaka kushuka wote, wamshushie hata mmoja.

Katibu akauliza mara ya pili. Mama kimya, kichwa chini.

Akauliza mara ya tatu.

Moyo wangu ulikuwa ukinidunda kwa furaha. Mtu kaja mpaka hapa, mama kajifunika, kaulizwa mara tatu, kanyamaza. Mama anaolewa! Nilikuwa nimekwisha kuinua ulimi nipige kigelegele, mama akanishika kifundo cha mkono akakibana mpaka nikanyamaza mwenyewe.

Katibu alipanda. Tukasikia sauti za wazee, kikohozi, kiti kikiburutwa. Hazikupita dakika nyingi akarudi pale pale katikati ya ngazi.

"Basi, dada. Mwenyekiti anasema amekusikia. Mnaweza kwenda."

"Amenisikia nini?" mama aliuliza. "Sijasema kitu."

"Kimya chako. Wamekipokea. Mwenyekiti amesema, mwanamke muungwana hivyo ndivyo anavyojibu." Na yule kijana akatabasamu, akidhani ameleta sifa.

Mwenyekiti wa baraza, naomba mlijue hili, ndiye aliyekuwa akifungisha ndoa mjini kwetu. Miaka mingi alikuwa amesimama nyuma ya mapazia akiuliza na kupokea kimya. Mzee wa watu hakufanya hila. Alizoea. Mimi nilikuwa mtoto wa kung'oka meno nikadhani ni arusi, na wao walikuwa na ndevu nyeupe, wakadhani vilevile. Hilo limenikalisha chini mara nyingi.

Mama hakwenda. Alijisogeza mpaka kwenye ngazi, akageuka, akakaa kidato cha kwanza, akaweka mikono nyuma akajiinua hadi cha pili. Hivyo ndivyo alivyoweza kupanda, kinyumenyume, mgongo mbele. Uso wake ulibaki umeuelekea uwanja, na kila aliyekuwepo alimwona vizuri, jasho na wanja vikimchuruzika. Vipande vya tairi viliteleza kwenye mawe yaliyolika, akavivua, akanipa. Nilipanda pembeni yake nikiushika upindo wa buibui usifunuke. Hiyo ndiyo kazi aliyonipa. Aliumia kiganja, nikaona damu kwenye kidato, nikaikanyaga isionekane.

Tulikuwa tumefika karibu na kona adhana ya adhuhuri ilipolia, na baraza likaisha. Wazee wakaanza kushuka. Ngazi zilikuwa nyembamba, hawakuwa na pa kupita ila ubavuni kwake. Mmoja mmoja alikunja kanzu yake kwa mkono isimguse, akaegemea ukuta, akasema, "Pole, mama," akapita. Mwingine, "Pole sana." Mjomba alipita, akasimama, akasema, "Dada, unajiumiza bure," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. Naye akapita.

Mwenyekiti alikuwa wa mwisho, kwa fimbo yake.

"Shikamoo, sheikh," mama alisema, akitweta.

"Marahaba, mwanangu. Umekosa wa kukubeba?"

"Sheikh, kimya ni cha mwari. Wewe ndiye unayetufundisha. Mwanamke aliyekwisha kuolewa akaachwa, kimya chake si jibu, ni lazima atamke kwa mdomo wake. Mimi sikutamka. Nilikuwa nangoja mtu wa kumtamkia."

Mzee aliegemea fimbo. Nilimwona akifikiri, na alifikiri kwa haki, sina budi kumpa hilo. "Ni kweli," alisema. "Mwari ndiye. Lakini wewe…" Akasita. "Wewe uliolewa?"

"Niliolewa. Ulinifungisha wewe. Ulisimama mlangoni kwetu ukaniuliza."

Alimtazama mama kuanzia kichwani mpaka pale buibui lilipolala bapa juu ya kidato. Kisha kwa mara ya kwanza akanitazama mimi, niliyekuwa nimesimama pale tangu mwanzo.

"Na huyu?"

"Mwanangu."

"Wa kumzaa?"

Mama alikuwa mwepesi wa jibu siku zote, mjini walimwogopa kwa ulimi wake. Hapo alinivuta kwanza ubavuni kwake.

"Wa kumzaa, sheikh," alisema.

Mzee akatikisa kichwa taratibu, na naapa mbele yenu kwamba aliona aibu. Akasema jambo hili basi ni la kusikilizwa upya, wamekosea, na mtu akikosea hurudi. Lakini sala inangoja, na si heshima kuyazungumza ngazini. "Njoo Jumatatu," alimwambia kwa upole, akinyoosha fimbo kuelekea mlango wa ghorofani. "Njoo mwenyewe pale juu, tukusikilize kwa mdomo wako."

Akashuka. Fimbo yake ikagonga mawe mpaka uwanjani.

Nilifurahi mno. Nikamwinamia mama, nikamwambia, "Mama, tumeshinda!"

Mama alitazama vidato vilivyobaki. Akatazama na vile alivyokwisha kuvipanda, akapangusa kiganja chake kwenye turubai.

"Nishikie buibui," alisema. "Tushuke."